Maswali ya Wasomaji: Kocha Wetu wa Jana, Benchi la Hasimu Kesho

Barua za mwezi huu zinatofautiana kwa lugha na kwa hasira, lakini karibu zote zinazunguka jambo moja: kocha ameondoka klabuni, awe ametimuliwa au ameaga mwenyewe, jina lake linahusishwa na kazi mpya, na mashabiki aliowaacha nyuma hawana raha. Nimechagua baadhi. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayobeba kiini cha malalamiko ya wengi.

Swali: Ndugu Mhariri, kocha wetu aliaga mwishoni mwa msimu akisema amechoka na anahitaji muda na familia yake. Tulimsindikiza kwa nyimbo, na baadhi yetu tulilia hadharani. Sasa anatajwa kila siku na klabu ambayo hatuipendi hata kidogo, na inaelekea mazungumzo yamefika mbali. Wenzangu wanamwita msaliti. Mimi nasema ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine. Nani kati yetu ana haki?

Jibu: Hoja yako ya mfanyakazi ni ya kweli, lakini haimalizi neno. Kocha huajiriwa kwa mkataba, hufukuzwa kwa barua, na hakuna shabiki anayemlipia kodi ya nyumba akikaa bila kazi. Hata hivyo, huyo wenu hakuishi nanyi kama mfanyakazi tu. Aligonga kifua mbele ya jukwaa, alisema yeye ni mmoja wenu, na maneno hayo yalimfaa kazini, hasa pale matokeo yalipokuwa mabaya nanyi mkamvumilia kwa sababu mlimwamini. Kwa hiyo kipimo ninachokitumia ni kimoja: alisema nini kwa mdomo wake mwenyewe? Ahadi ni deni, ila deni huhesabiwa kwa kile kilichoahidiwa, si kwa yale ambayo mashabiki waliyajaza wenyewe mioyoni mwao.

Mtazame Jürgen Klopp. Januari 2024 alitangaza kwamba ataondoka Liverpool mwisho wa msimu kwa kuwa nguvu zinamwishia, na siku hiyo hiyo akasema hatafundisha klabu nyingine yoyote ya Uingereza. Oktoba 9 mwaka huo Red Bull, kampuni ya vinywaji inayomiliki klabu kadhaa, ikatangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2025 atakuwa mkuu wa shughuli zake zote za soka duniani. Liverpool hapakuwa na kishindo kikubwa. Baadhi walishangaa jinsi mapumziko yalivyokuwa mafupi, lakini hakwenda Manchester wala London, na alichokiahidi kilibaki palepale.

Moto uliwaka Ujerumani, kwa klabu alizokwisha kuziacha miaka mingi nyuma. Klopp alicheza Mainz tangu 1990, akawa kocha wao kuanzia 2001 hadi 2008, na mwaka 2004 akawapandisha Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, kwa mara ya kwanza katika historia yao. Kisha akaenda Dortmund na kutwaa ubingwa mara mbili mfululizo, 2011 na 2012. Wajerumani wengi wanaishi na kanuni inayoitwa 50+1, yaani wanachama wa klabu lazima wabaki na kura nyingi kuliko mwekezaji. RB Leipzig, klabu ya Red Bull iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa kununua nafasi ya klabu ndogo ya ligi ya chini, imetimiza kanuni hiyo kwa maandishi huku ikiwa na wanachama wachache mno wenye kura, na kwa sababu hiyo mashabiki wa klabu za jadi huihesabu kama tangazo la biashara lililovaa jezi. Septemba 2024 Klopp alikaa benchi Dortmund katika mechi ya kuwaaga wachezaji wake wa zamani, Łukasz Piszczek na Jakub Błaszczykowski, na uwanja mzima ukamwimbia. Mwezi mmoja baadaye akawa mtu wa Red Bull. Mashabiki wa Mainz walipoikaribisha Leipzig Oktoba hiyo, waliinua mabango ya kumuuliza kama amerukwa na akili na kama amesahau yote waliyomfanya awe.

Je, aliwaahidi kitu? Kwa maneno, hapana. Lakini kwa miaka zaidi ya 20 alijenga sura ya mtu wa soka la wananchi, na sura hiyo ilimpa mapenzi ambayo makocha wengine hawakuyapata. Ndiyo maana nasema hasira ya Mainz inaeleweka, ingawa siwezi kuiita kesi ya usaliti. Waliumizwa na aina ya mwajiri, na wala hakuenda kuifundisha Leipzig yenyewe.

Sasa linganisha na José Mourinho. Mwaka 2015, akiwa kocha wa Chelsea, aliulizwa kuhusu kazi ya Tottenham, hasimu wa Chelsea jijini London, akajibu kwamba asingeweza kuichukua kwa jinsi anavyowapenda mashabiki wa Chelsea. Novemba 2019 akaichukua. Alipokumbushwa maneno yake, alieleza kuwa aliyasema kabla ya kufukuzwa. Jibu hilo ni la kijanja na ndani yake mna ukweli, kwa sababu Chelsea ndiyo iliyomtupia virago Desemba 2015, na ahadi ya upendo kwa mtu aliyekufungia mlango ina mipaka yake. Lakini shabiki hakuwa bodi ya wakurugenzi. Yeye hakumfukuza mtu, naye ndiye aliyetajwa kwa jina katika ile ahadi. Hapo mimi namwelewa shabiki wa Chelsea aliyeng'oa picha ukutani.

Rudi basi kwa huyo wenu. Kama alisema amechoka, kuchoka si kiapo cha kutofanya kazi tena. Wapo wanaopona katika miezi sita na wapo wanaohitaji miaka miwili. Kama alisema hatakwenda kwa hasimu yenu, naye anakwenda, wenzako wana hoja. Kama hakusema lolote, basi wewe ndiye mwenye haki, na wenzako wana huzuni tu, nayo huzuni haihitaji kibali cha mtu.

Swali: Kila wiki naona kocha wetu wa zamani akihusishwa na klabu tofauti, leo huku, kesho kule. Nimechoka kukasirika bure. Nitaijuaje tetesi yenye ukweli?

Jibu: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwahi kuishi na mawakala wa makocha. Katika biashara hii lisemwalo mara nyingi halipo na wala haliji. Makocha wenye majina makubwa wasio na kazi huwa wachache, kwa hiyo benchi lolote likiyumba popote, majina yale yale hupangwa upya. Wakala hufaidika jina la mteja wake likitajwa, kwa sababu linapandisha bei pale anapofanya mazungumzo ya kweli. Klabu inayotafuta kocha nayo hufaidika, kwa kuwaonyesha mashabiki wake kwamba inalenga juu, au kwa kumtisha kocha mwingine ambaye anasita kukubali mshahara aliowekewa mezani.

Angalia kinachotajwa pamoja na jina. Habari inayosema "anafikiriwa" au "anavutiwa" haina mzigo. Habari inayozungumzia urefu wa mkataba, wasaidizi atakaokuja nao kwenye benchi la ufundi, au fidia ambayo klabu yake ya sasa inadai, hiyo imetoka kwa mtu aliyekaa karibu na meza. Kukanusha kwa kocha hakusaidii sana, na kunyamaza kwake pia hakusaidii.

Kumbuka vilevile kwamba mambo ya kweli mara nyingine huenda mbio kuliko tetesi. Nottingham Forest walimwondoa Nuno Espírito Santo Septemba 2025 na ndani ya siku moja wakamtangaza Ange Postecoglou, ambaye Tottenham ilikuwa imemfukuza mwezi Juni, siku 16 tu baada ya kuipa kombe la Ligi ya Europa. Mashabiki wa Tottenham walikuwa bado wanabishana kama alitendewa haki, na kabla ubishi haujapoa, Oktoba 18, akafukuzwa tena, dakika chache baada ya kufungwa 3-0 na Chelsea, akiwa ameongoza mechi nane bila ushindi hata mmoja. Aliyekuwa na wivu mwezi Septemba alijichosha bure.

Swali: Mimi nasoma sheria na nina swali la mkataba. Kama klabu imemfukuza kocha, kwa nini husikika kwamba "hawezi kuchukua kazi hadi tarehe fulani"? Na je, klabu ya zamani inaweza kumzuia asiende kwa hasimu?

Jibu: Kocha anapoachishwa kabla ya mkataba kwisha, pande mbili huwa na njia kuu mbili. Ya kwanza ni kulipana kwa mkupuo, wakasainiana kwamba hakuna anayemdai mwenzake, na kocha akawa huru siku hiyo. Ya pili ni klabu kuendelea kumlipa mshahara kila mwezi hadi muda uliokubaliwa uishe au hadi apate kazi nyingine, lipi litangulie. Wakati mwingine huongezwa sharti kwamba katika miezi kadhaa ya malipo hayo haruhusiwi kufundisha kwingine, na hapo ndipo zinapotoka tarehe unazozisikia. Sharti la kumkataza mtu asiajiriwe na klabu fulani kwa muda usio na kikomo ni gumu kusimama mahakamani, kwa sababu nchi nyingi hazipendi mkataba unaomnyima mtu riziki yake.

Kuna jambo hapa ambalo mashabiki hulisahau. Pale ambapo malipo hukoma kocha akipata kazi mpya, shabiki anayeomba usiku na mchana kwamba "asipate klabu" anaomba klabu yake mwenyewe iendelee kumlipa mtu aliyekaa nyumbani.

Kanuni za ligi nazo zina nafasi. Italia, kwa muda mrefu, kocha aliyeanza msimu na klabu moja hakuruhusiwa kuhamia nyingine ndani ya msimu huo huo, hata kama alifukuzwa mwezi Septemba. Uingereza hakuna kizuizi kama hicho, ndiyo maana Harry Redknapp aliweza kujiuzulu Portsmouth Novemba 24, 2004 na Desemba 8 akawa kocha wa Southampton, majirani wasiopatana hata kidogo. Southampton walishuka daraja mwisho wa msimu, Redknapp akarudi Portsmouth Desemba 2005, na mwaka 2008 akawapa Kombe la FA. Sijui kama kuna mwalimu bora wa kusahau kuliko kombe.

Kwa kocha ambaye bado ana mkataba, klabu inayomtaka hulazimika kuomba ruhusa na kulipa. Manchester United ilipomchukua Ruben Amorim kutoka Sporting Novemba 2024, ililipa euro milioni 11, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa na kipengele cha bei ya kuondoka. Klabu inaweza kutumia fedha kama hizo kwa lolote inalotaka, ikiwemo kumtafuta kocha mwingine. Kufukuzwa hakuleti hata senti moja ya namna hiyo.

Swali: Sisi tuko upande wa pili. Klabu yetu inazungumza na kocha aliyewahi kuwa shujaa wa hasimu yetu mkubwa. Nimekaa jukwaani miaka mingi nikimtukana, nitaanzaje kumwimbia? Je, yupo aliyewahi kufanikiwa katika hali hii?

Jibu: Wapo, na wewe huna sababu ya kuharakisha kuimba. George Graham alikuwa mchezaji wa Arsenal iliyotwaa ligi na Kombe la FA mwaka 1971, kisha kama kocha akawapa ubingwa wa ligi 1989 na 1991. Oktoba 1998 akahamia Tottenham, hasimu mkubwa wa Arsenal. Miezi michache baadaye, Machi 1999, aliwapatia Kombe la Ligi. Mashabiki wa Tottenham walipata ufumbuzi wao: katika wimbo ambao kwa kawaida hutaja jina la kocha, waliimba "mtu mwenye koti la mvua" badala ya jina lake. Walishangilia kombe, lakini jina lake hawakulitamka. Naona huo ni uungwana wa aina yake, na unaweza kukufaa.

Rafael Benítez alipata makaribisho makali zaidi. Alikuwa kocha wa Liverpool kuanzia 2004 hadi 2010, na mwaka 2007 aliwakejeli Chelsea kwa sababu waliwagawia mashabiki wao bendera, akisema wa Liverpool hawahitaji kugawiwa. Novemba 2012 Chelsea ikamleta awe kocha wa muda mahali pa Roberto Di Matteo, aliyekuwa amewapa Ligi ya Mabingwa miezi sita tu kabla. Katika mechi ya kwanza, sare ya 0-0 na Manchester City, alizomewa kabla mpira haujaanza, na dakika ya 16 ilipofika uwanja ukasimama na kupiga makofi kwa heshima ya Di Matteo, aliyevaa jezi namba 16. Makofi hayo ya dakika ya 16 yaliendelea katika mechi zilizofuata. Benítez alimaliza nafasi ya tatu na kutwaa Ligi ya Europa Mei 2013, lakini hakupendwa hata siku moja. Angalia kwamba kosa halikuwa Liverpool peke yake. Ni zile bendera: maneno tena.

Upande mbaya zaidi wa hesabu ni Alex McLeish. Alitwaa Kombe la Ligi na Birmingham City Februari 2011, akashuka nao daraja Mei, akajiuzulu Juni, na siku chache baadaye akatua Aston Villa, majirani zao. Mashabiki wa Villa waliandamana kabla hajasaini. Alimaliza nafasi ya 16 na kufukuzwa Mei 2012. Kilichomwangusha ni soka lake la kubana na matokeo mabovu, si mtaa aliotoka. Ila kocha mwingine angepewa miezi sita ya kuvumiliwa, yeye hakupewa hata wiki sita. Hilo ndilo gharama halisi ya kuajiri mtu wa hasimu, na bodi yenu inapaswa kuliweka kwenye mahesabu.

Kisha yupo Antonio Conte, ambaye anavuruga kila kanuni. Alikuwa nahodha wa Juventus, akarudi kama kocha mwaka 2011 na kutwaa ligi mara tatu mfululizo, akiwa ndiye aliyeanzisha mlolongo wa klabu hiyo wa mataji tisa ya ligi ya Italia. Mwaka 2019 alikwenda Inter, hasimu wa Juventus. Mashabiki wa Juventus walikusanya saini wakitaka nyota yenye jina lake iondolewe uwanjani, na rais wa klabu akakataa. Mwaka 2021 Conte akaukata mlolongo huo kwa kutwaa ligi na Inter, akaondoka mwezi huo huo wa Mei, na mwaka 2025 akaitwaa tena, safari hii na Napoli. Hakuna klabu kati ya hizo tatu ambayo haina sababu ya kumshukuru. Kama huyo wenu ana uwezo wa namna hiyo, kaa kimya jukwaani ukipenda, lakini usimwandamie mlangoni.

Swali: Kocha wetu wa zamani anakuja kucheza nasi na timu yake mpya. Tumpigie makofi au tumzomee?

Jibu: Hakuna kanuni, na mashabiki wa klabu moja wanaweza kufanya yote mawili katika mechi moja. Kuzomea ni sehemu ya mchezo, na makocha wengi wanaijua. Mourinho aliporudi Chelsea na Manchester United Machi 2017 na kuitwa Yuda, alijibu kwa kuinua vidole vitatu, yaani mataji matatu ya ligi aliyowapa, na baada ya mechi akasema Yuda bado ndiye namba moja hadi apatikane atakayeleta la nne.

Mipaka, hata hivyo, ipo. Kocha Pitso Mosimane aliipa Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini ubingwa wa Afrika mwaka 2016. Mwaka 2020, miezi michache baada ya kusaini mkataba mpya wa miaka minne, aliondoka kwenda Al Ahly ya Misri. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, aliporudi Pretoria, nyumbani kwa Sundowns, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baadhi ya mashabiki walimpokea kwa matusi ya nguoni, na klabu yenyewe ikalazimika kulaani kitendo hicho. Wangeweza kumzomea kwa ajili ya ule mkataba wa miaka minne, wakawa na hoja. Kwa matusi waliipoteza. Mwaka 2021, Benítez alipokaribia kujiunga na Everton, hasimu wa Liverpool, kuna watu waliotundika bango karibu na nyumbani kwake likisema wanajua anakoishi na asisaini. Nyumbani kwa mtu hakuna jukwaa.

Fikiria pia kwamba huenda mtamhitaji tena. Kocha Brendan Rodgers aliiacha Celtic ya Uskoti Februari 2019 akaenda Leicester, msimu ukiwa katikati, na mashabiki wakainua bango lililosema ameuza sifa isiyokufa ili apate hali ya wastani, na kwamba daima ni tapeli. Juni 2023 alirejea Celtic, akatwaa ligi 2024 na 2025, na mashabiki wa Celtic wakasherehekea naye tena.

Mkitaka kuzomea, zomeeni jina lake likitangazwa na kila anaposogea kwenye mstari wa benchi. Lakini mkishasikia filimbi ya kwanza, sauti zenu zihamie kwa wachezaji wenu, kwa sababu mtu huyo anamjua beki wenu wa kushoto, anajua mguu wake dhaifu na anajua ni dakika ya ngapi huanza kuchoka, na atakuwa amekwisha kumwambia winga wake.